Ushahidi wa Sikio

Katika mambo ambayo mwanadamu huyatolea ushahidi, ni machache ambayo huwa na hakika nayo kuliko yale aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Hakimu humwuliza shahidi kama alisikia kwa watu au alisikia mwenyewe. La kwanza huwa jepesi, la pili hupata uzito. Basi mtu mzima mwenye akili timamu, asiyejulikana kwa uongo, asiyetazamia faida yoyote, anapokuja akasema kuwa amebadili waya uletao umeme katika chombo chake cha muziki, na ya kuwa tangu siku hiyo sauti ya mwimbaji imetakata kama kioo kilichopanguswa vumbi, ajibiwe nini? Akiambiwa kuwa hakuna kilichobadilika, itakuwa kama ameitwa mwongo. Akikubaliwa, litakuwa limekubaliwa jambo ambalo elimu ya umeme hailijui. Mtu aweza kulidhani jambo hili kuwa dogo, mchezo wa watu wenye fedha za kuchezea. Lakini ndani yake limo swali ambalo si dogo: unyofu wa mtu ni dhamana ya ukweli wa neno lake kwa kiasi gani?

Wapenzi wa vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani, ambao ni wengi Marekani, Ulaya na Japani, na ambao siku hizi hawakosekani hata katika miji ya Afrika ya Mashariki, wana imani mbili zinazofuatana kama pacha. Ya kwanza ni kuwa chombo kipya hakitoi sauti yake ya kweli mpaka kikomazwe, yaani kiachwe kikipiga muziki kwa saa mia moja, au mia mbili, na wengine husema mia tano. Na habari hii husemwa si juu ya spika tu, bali juu ya amplifaya, na hata juu ya waya mtupu. Ya pili ni kuwa waya wa umeme uliokuja sandukuni pamoja na chombo haufai, bali yapasa ununuliwe mwingine, mnene kama kidole gumba, wa shaba iliyosafishwa sana au wa fedha, uliosukwa kwa ustadi na kuvikwa nguo ya rangi. Waya wa namna hiyo huuzwa kwa makumi ya dola, kwa mamia, na ziko nyaya zinazouzwa kwa maelfu.

Haifai kuanza kwa kucheka. Imani ya kukomaza ina mzizi katika jambo la kweli. Mpiga ngoma wa pwani hakungoja mhandisi amfundishe kuwa ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa, kwa kuwa ngozi iliyonyonya unyevu hulegea, na ikipashwa hukaza na sauti yake hupanda. Spika ni ndugu ya ngoma. Ina utando wa karatasi au plastiki ulioshikwa ukingoni kwa mpira, na nyuma yake hushikwa na kitambaa kilichotiwa gundi kikakunjwa mikunjo. Vitu hivi vikiwa vipya huwa vigumu; vikitikiswa hulainika, na mdundo wa chini ambao spika hupenda kuuitikia hushuka kidogo. Wapimaji wamelipima jambo hili na kulikuta. Tena wamekuta kuwa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokea mapema, katika dakika au saa za kwanza za kupigwa kwa nguvu, si katika saa ya mia mbili. Wahandisi nao wana ukomazaji wao: huviwasha vyombo vipya kiwandani kwa muda, pengine katika joto kali, ili vilivyo na kasoro vife mapema kabla havijamfikia mnunuzi. Huko ni kuchuja vibovu. Si kuvifanya vizima viimbe vizuri zaidi. Jina ni moja na kazi ni mbali mbali, wala si mara ya kwanza jina kulibeba jambo likalitua pasipokuwa pake.

Waya ni habari nyingine. Umeme wa nyumbani ni mkondo uendao na kurudi, mara 50 kwa sekunde katika Tanzania, Kenya na Ulaya, mara 60 katika Marekani. Mkondo huo wenyewe hauwi muziki. Ukiingia katika amplifaya, kwa kawaida hukutana kwanza na transfoma ibadiliyo volti zake, kisha na diodi ziugeuzao uende upande mmoja, kisha na kapasita ziuwekazo akiba. Na muziki huchotwa katika akiba hiyo. Mfano wake ni tangi la maji lililo juu ya nyumba. Aogaye kwa maji ya tangi hana haja ya kuuliza bomba lililolijaza lilikuwa la chuma au la plastiki, maadam tangi limejaa. Hesabu nayo si ngumu. Waya wa kawaida wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 na urefu wa mita moja na nusu, kwenda na kurudi, una ukinzani upatao sehemu 34 katika elfu za omu moja. Amplifaya ikivuta ampea moja, waya huo hupoteza chini ya sehemu 4 katika mia za volti moja, kati ya volti 230. Ukiufanya mnene mara mbili utaokoa nusu ya hasara hiyo. Nyuma ya soketi zipo mita nyingi za waya wa kawaida zilizozikwa ukutani na fundi ambaye hakufikiri juu ya muziki hata dakika moja. Nje zipo nguzo, na transfoma ya mtaa. Na umeme utokao bwawa la Kidatu, mathalani, husafiri mamia ya kilomita juu ya nyaya za alumini kabla haujafika Dar es Salaam. Kuamini kuwa mita moja na nusu ya mwisho huisafisha safari yote hiyo ni kama kuamini kuwa maji ya mto wenye matope hutakata yakinywewa kwa kata ya fedha.

Hata hivyo haki yataka isemwe kuwa waya wa umeme waweza, kwa nadra, kuleta tofauti isikikayo. Plagi iliyolegea hukwaruza. Vyombo viwili vilivyofungwa ardhini kwa njia mbili tofauti huweza kutoa mvumo mzito usiokoma, na kubadili namna ya kuvifunga huuondoa. Waya mwembamba mno kwa amplifaya kubwa ni makosa, na zaidi ya makosa ni hatari ya moto. Na katika miji ambayo volti hupanda na kushuka jioni watu wote wanapowasha majiko, kifaa cha kuzituliza huokoa vyombo visiungue. Lakini mambo haya yote yana alama moja: hupimika kwa mita, husikika na kila mtu aliyemo chumbani, na dawa yake haina bei ya kutisha. Si hayo yanayosemwa na mpenzi wa nyaya. Yeye hasemi kuwa mvumo umekoma. Asema kuwa jukwaa limepanuka, ukimya umekuwa mweusi zaidi, na vidole vya mpiga udi vinaonekana.

Naye kweli amesikia hivyo. Hapo ndipo penye ugumu, na wengi wanaobishana naye huparuka haraka kama mtu avukaye kaa la moto. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipokuwa akieleza jinsi shaka ilivyomwingia, alianza na hisi. Jicho huitazama nyota na kuiona ndogo kama sarafu, na elimu ya vipimo ikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Jicho hutazama kivuli na kukiona kimesimama, na baada ya saa ikadhihirika kuwa kilikuwa kikitembea muda wote. Ghazali hakusema kuwa jicho lasema uongo. Jicho lilitoa habari ya jinsi nyota inavyoonekana, na habari hiyo ni sahihi. Aliyekosea ni yule aliyeipokea habari ya kuonekana akaifanya habari ya kuwa.

Sikio nalo ni hivyo, tena ni dhaifu zaidi, kwa kuwa halifanyi kazi peke yake. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walitangaza jambo ambalo mtu yeyote aweza kulijaribu leo. Mtu huonyeshwa picha ya mdomo utamkao "ga", huku sauti isikikayo ni "ba". Watu wazima wengi husikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Wakifumba macho husikia "ba". Wakifumbua husikia "da" tena. Na ajabu kubwa kuliko zote ni kuwa kujua hila hiyo hakuiondoi. Jicho huingia katika kusikia kabla ya mtu kujua kuwa amesikia, na kinachomfikia ni kitu kilichokwisha kuchanganywa. Basi huyo aliyeuona waya mnene ukitoka katika sanduku lenye kitambaa laini, akaijua bei yake, akapiga magoti nyuma ya kabati kuufunga kwa mikono yake, atasikilizaje kwa sikio tupu? Hana sikio tupu. Hapana aliye nalo.

Wahandisi wa sauti wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika mbali mbali mara mbili, mara moja zikiwa wazi na mara moja zikiwa nyuma ya pazia. Zilipokuwa wazi, spika kubwa na zenye sifa zilipewa alama ambazo pazia liliziondoa, na wasikilizaji hao hawakuwa wajinga bali watu wa kazi hiyo. Zaidi ya hao wako wapiga fidla. Mwaka 2010, katika mji wa Indianapolis, Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapigaji 21 fidla sita: tatu mpya, na tatu za zamani, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri, zenye thamani ya mamilioni ya dola. Chumba kilitiwa giza na wapigaji walivaa miwani mieusi ya wachomea vyuma ili wasizitambue. Wengi walipoulizwa ni ipi wangependa kwenda nayo nyumbani walichagua fidla mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Watu hawa masikio yao ndiyo riziki yao. Ikiwa wao walihitaji miwani ya mchomea vyuma ili wahukumu kwa haki, mwenye kiti cha sofa ana udhuru gani wa kuikataa?

Lakini kisa kinachofaa zaidi kuzingatiwa si cha muziki. Mwaka 1903 René Blondlot, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Nancy, Ufaransa, alitangaza kuwa amegundua miali mipya, akaipa herufi ya kwanza ya jina la mji wake. Alama ya miali hiyo ilikuwa mng'ao mdogo sana: cheche hafifu gizani iliyoonekana kuongezeka nuru kidogo. Blondlot hakuwa tapeli. Alikuwa mpimaji mwenye heshima, na kazi zake za zamani zilikuwa zimethibitika. Wataalamu wengine wengi wa Ufaransa waliona alichokiona, wakaandika. Mwaka 1904 Robert Wood, mtaalamu wa Marekani, alikwenda Nancy kutazama. Katika giza la chumba, Blondlot alikuwa akisoma mahali miali ilipopindishwa na kipande cha alumini kilichochongwa pembe tatu. Wood alinyosha mkono akakiondoa kile kipande, na usomaji ukaendelea kama kwanza, kwa hesabu zile zile. Baada ya barua ya Wood kuchapishwa, miali ile ilitoweka kidogo kidogo katika maabara za dunia.

Kisa hiki huhadithiwa mara nyingi kwa kuchekesha, na hilo ni kosa. Cha kuhuzunisha ndani yake ni kuwa kila kitu kilichotakiwa kilikuwapo: elimu, uzoefu, unyofu, mashahidi wengi wasiokuwa na faida. Kilichokosekana ni kimoja tu. Hakuna aliyekiondoa kile kipande bila ya mtazamaji kujua. Wingi wa mashahidi haukusaidia, kwa sababu wote walisimama mahali pamoja na kutazamia kitu kimoja. Kadhalika shahidi mmoja wa waya akifuatwa na elfu moja, na wote waliujua waya kabla ya kuusikia, idadi haijaongeza kitu. Kosa moja limerudiwa mara elfu.

Kwa hiyo yapasa kutenga vitu viwili ambavyo ulimi huvitoa kwa pumzi moja. Mtu akisema, "Nimesikia muziki mzuri zaidi," ametoa ushahidi juu ya nafsi yake, na hapana wa kumkanusha, kwa kuwa hapana mwingine aliyekuwa humo. Akisema, "Waya umeufanya muziki kuwa mzuri zaidi," ametoa ushahidi juu ya waya, na hapo unyofu wake haumsaidii hata chembe, kwa sababu sababu ya jambo haisikiki. Hakuna sikio lililopata kusikia sababu. Sababu hutafutwa kwa kubadili kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo. Naye alipobadili waya alibadili pia matumaini yake, saa yake ya kusikiliza, na makini yake, kwani nani husikiliza kwa makini kama mtu aliyetoka kulipa? Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Hapa mtetezi wa nyaya aweza kujibu kwa hoja nzuri. Aweza kusema kuwa muziki hausikilizwi ili ushinde kesi. Husikilizwa ili upendeze. Ikiwa waya umempa mtu furaha, furaha hiyo ni ya kweli, na anayemnyang'anya kwa ajili ya elimu ni mchawi wa furaha za watu. Hoja hii ina nguvu. Yuko mtu anywaye kahawa katika kikombe kilichokuwa cha bibi yake, na kahawa hiyo humpendeza kuliko ya kikombe kingine chochote. Nani atamwambia kuwa amedanganyika? Hakudanganyika, kwa kuwa anajua anachokipenda. Hasemi kuwa udongo wa kikombe kile umebadili buni. Wala hamshauri jirani auze mbuzi wake akanunue kikombe cha bibi wa mtu mwingine. Mwenye waya angekuwa katika hali hiyo hiyo lau angesema kuwa waya huu ni mzuri kwa macho, umesukwa kwa ustadi, na kuuona kwake hunifanya nikae kitako nisikilize. Nani angekuwa na neno naye? Ugomvi huanza anapoukataa uzuri huo kuwa ndio sababu, akataka sababu yenye cheo zaidi.

Mwanahesabu mmoja wa Uingereza, William Clifford, aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye jahazi aliyejua kuwa jahazi lake ni kuukuu. Shaka ilimsumbua, akaituliza kwa kujikumbusha safari nyingi ambazo jahazi lilirudi salama, mpaka akaamini kwa moyo mnyofu kuwa ni zima. Akawapakia wahamiaji na watoto wao. Jahazi likazama. Clifford alisema mtu huyo ana hatia, na unyofu wake haumwokoi, kwa sababu hakuipata imani yake kwa kuchunguza, aliipata kwa kuiziba shaka. Tena akasema kuwa hata jahazi lingefika salama hatia ingekuwa ile ile. Hukumu hii ni nzito, na katika mwaka 1896 William James wa Marekani aliijibu kwa kusema kuwa yako maswali makubwa ambayo ushahidi hauwezi kuyakata, na ambayo mtu hawezi kuyakwepa. Katika hayo moyo una ruhusa ya kuchagua. Wako wanaolitafuta kimbilio chini ya mwavuli wa James kwa kila imani waipendayo. Lakini mwavuli huo hauwafuniki wapenzi wa nyaya, kwa kuwa swali lao si katika yale yasiyokatika. Hukatika kwa pazia na alasiri moja. Asiyetaka kulikata hana imani ya James; ana jahazi la Clifford, ijapokuwa ni la kuchezea, na wanaozama ndani yake ni shilingi tu.

Je, ni shilingi tu? Kwa mnunuzi mwenye nazo nyingi, labda. Kwa muuzaji jambo hubadilika. Yuko muuzaji ajuaye kuwa waya haufanyi kitu, na huyo hana haja ya falsafa. Sheria za wizi zamtosha. Anayetatiza ni muuzaji aaminiye. Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, na muuzaji aaminiye huvuta bila ya kujiona akivuta. Tazama jinsi ukomazaji unavyomfaa. Mnunuzi amerudi nyumbani, hakusikia tofauti, amepiga simu. Ajibiwa kwa upole asubiri saa mia mbili. Kwa mtu asikilizaye saa mbili kila usiku, hizo ni siku mia moja, na katika nchi nyingi muda wa kurudisha bidhaa ni siku thelathini au pungufu. Si lazima muuzaji awe amelipanga. Yatosha kuwa ushauri huo haujapata kumtia hasara.

Lipo na jambo jingine juu ya ukomazaji wa amplifaya na nyaya ambalo lingepasa kumshtua aaminiye kabla ya mtu mwingine. Kwa nini mabadiliko hayo daima ni mazuri? Viatu vipya hulainika, kisha huchakaa. Ngoma ikioteshwa kupita kiasi hupasuka. Vitu vya dunia vikibadilika kwa kutumiwa, vingine hupata na vingine hupata hasara. Lakini katika habari za wenye vyombo, aliyekomaza waya akakuta umeharibika ni adimu kama jogoo atagaye. Maelezo mepesi ni kuwa kilichozoea si waya. Mtu akihamia nyumba iliyo karibu na bahari, usiku wa kwanza mawimbi humnyima usingizi. Mwezi ukiisha hawezi kulala pasipo hayo. Bahari haikukomaa. Na kuzoea huku si kasoro bali ni neema, kwani mtu aliyekaa saa mia mbili na chombo amekijua, amejua wapi akae na sauti aifungue kiasi gani, naye asema kweli asemapo kuwa sasa anafurahi kuliko siku ya kwanza. Amekosea anwani tu.

Ubaya wa imani hizi haumo hasa katika fedha. Umo katika neno moja ambalo hutolewa hoja nyingine zinapokwisha: "Ikiwa husikii, basi masikio yako hayajafunzwa, au chombo chako ni duni." Neno hilo huigeuza kesi. Kwanza waya ulikuwa kizimbani. Sasa yuko msikilizaji. Katika hadithi ya Andersen ya mwaka 1837, wafumaji walimwambia mfalme kuwa nguo yao haionekani na mpumbavu wala asiyestahili cheo chake, na mji mzima ukaisifu. Kila aliyesema aliona alikuwa akikitetea cheo chake, wala hakuwa akiitazama nguo. Kijana apendaye muziki, ambaye amejinyima ili apate redio nzuri, hupaswa kuchagua kati ya kusikia kisichokuwapo na kujiona kiziwi. Wengi huchagua kusikia. Na mchagua jembe si mkulima: baada ya miaka michache mtu hasikilizi tena mwimbaji, asikiliza waya, na hana santuri aimalizayo.

Wachekaji nao wasidhani kuwa wametoka safi. Wako wasemao kuwa vyombo vyote ni sawa na hawajapata kupima hata kimoja. Huyo amejibu kelele kwa kelele. Tofauti za spika ni kubwa, za chumba ni kubwa zaidi, na mtu mwenye sofa, zulia na mapazia mazito ana chombo tofauti na mwenye chombo kile kile juu ya saruji tupu. Anayemdhihaki jirani yake kwa waya bila ya kumwonyesha zulia hakumsaidia kitu.

Iko pia adabu ya mgeni. Mwenyeji amefungua waya mpya, ameketi ukingoni mwa kiti, amemtazama mgeni usoni: "Waisikia hiyo?" Mgeni asemaye "Naam" ili asimvunje moyo ameona ametoa sadaka ndogo. Kesho mwenyeji atamwambia wa tatu kuwa hata fulani, ambaye hakuwa akiamini, alisikia. Sadaka ile imekuwa ushahidi, na aliyeitoa hawezi kuirudisha. Mgeni aliyesema kuwa wimbo ni mzuri na tofauti hakuitambua hajavunja adabu. Amemwachia mwenyeji jambo la kufikiri.

Wapenzi wa nyaya hulipinga jaribio la pazia kwa kusema kuwa humtia mtu wasiwasi, na wasiwasi huliziba sikio. Hoja hiyo yaweza kujaribiwa. Msikilizaji yule yule, katika chumba kile kile, akipewa sauti mbili zilizotofautiana kwa desibeli moja, huitambua tofauti ingawa pazia limeshuka na wasiwasi upo. Tena hakuna sharti la haraka. Akitaka kusikiliza kila waya kwa juma zima, na asikilize juma zima, akiwa na chai yake na watoto wakiwa wamelala. Sharti ni moja tu, asijue ni waya upi.

Namna yake ni hii. Nyuma ya chombo hufunikwa kwa shuka. Rafiki hurusha sarafu. Ikilala upande mmoja hufunga waya wa sandukuni, ikilala upande wa pili hufunga waya wa bei, na kila mara, hata kama waya ni ule ule, hukizima chombo, huchomoa na kuchomeka tena, ili vishindo vya kazi viwe sawa. Huandika matokeo katika karatasi, kisha hutoka kwa mlango mwingine kabla msikilizaji hajaingia. Kutoka huko si ushirikina: huko Berlin palikuwa na farasi aliyesifiwa kuwa ajua hesabu, mpaka mwaka 1907 Oskar Pfungst alipoonyesha kuwa alikuwa akisoma kichwa cha muulizaji, ambacho kiliinuka kidogo sana, bila ya mwenyewe kujua, kwato zilipofikia jibu. Mtu hakosi kuweza alichoweza farasi. Basi msikilizaji husikiliza, huandika dhana yake, na kazi hurudiwa mara 10. Abahatishaye tu hupata 9 au zaidi kwa bahati ya 11 katika 1024. Aliyefika hapo amestahili kusikilizwa upya, na wahandisi warudi kwenye mita zao. Aliyepata 5 au 6 amepata alichopata sarafu. Gharama ya yote ni shuka, kalamu, na Jumapili moja baada ya chakula cha mchana.